Ukoo wa Dirishani

Kwa masikitiko makubwa inatangazwa kwa ndugu, jamaa, marafiki na majirani wote, wa karibu na wa mbali, kwamba Shangazi ametutoka. Marehemu aliugua kwa muda mfupi. Ameacha machipukizi mawili, kamba moja ya katani na kikapu cha waya kilichoshika kutu. Mazishi yatafanyika ndani ya ndoo ya taka, mara tu jirani aliyeiazima ndoo hiyo atakapokumbuka kuirudisha.

Shangazi alikuwa mmea.

Hata hivyo, mwanamke aliyempakata asubuhi ile hakuona cha kuchekesha. Alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya chumba cha pasi, mkasi mkononi, akiipapasa mizizi ya marehemu mmoja baada ya mwingine. Mzizi wa okidi ukiwa mzima huwa mgumu kama waya, ukiubana, unakataa. Hii ilikubali. Ilikubali yote, ikapasuka vidoleni kama kamba ya karatasi iliyolala majini, na harufu ikapanda, harufu ya dekio lililosahauliwa kwenye kona. Shangazi alikuwa wa nne kufa msimu ule. Wote wanne waliuawa na maji, na maji hayo waliyanyweshwa na mtu aliyewapenda kuliko wote.

"Nisamehe," alimwambia mmea, kwa sauti ya chini, kwa sababu ukuta ulikuwa wa mbao na upande wa pili kulikuwa na masikio.

Mtaani walimwita Mama Mvuke. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi nguo za watu, na chumba chake cha mbele kilifuka mvuke tangu asubuhi hadi jioni, hata mteja akiingia na miwani ilimbidi aivue, aifute, aivae, aivue tena. Joto lile lilimfukuza kila mtu isipokuwa okidi. Zenyewe zilinenepa. Zilining'inia dirishani kwenye kulabu, mstari mmoja kutoka mlangoni hadi pembeni, nyingine ndani ya vikapu vya waya vilivyojazwa mkaa na makumbi ya nazi, nyingine zimefungwa tu kwenye vipande vya magogo, mizizi nje, kama watu waliokuja kukaa kidogo wakavua viatu.

Maana okidi za aina hii hazitaki udongo. Huko kwao hukaa juu ya matawi ya miti mikubwa, zikaacha mizizi ielee hewani ikinywa ukungu. Wasiojua huziita kupe, na ukitaka Mama Mvuke akutoe mlangoni na shati lako likiwa na mikunjo, ulihitaji kusema neno hilo tu.

"Kupe ananyonya," angekwambia. "Huyu amepanga. Hamgusi mwenye nyumba, hamwombi hata chumvi. Anakunywa mvua yake mwenyewe. Ungekuwa mpangaji wa namna hii wewe, mwenye nyumba wako angekuwa analala usingizi."

Zote aliletewa na mumewe. Marehemu alikuwa mkata matawi, yale yanayogusa nyaya za umeme, na hakuwa mtu wa maneno matamu. Katika ndoa yao nzima maneno hayo yangeenea kwenye kisanduku cha kiberiti na njiti zikabaki. Lakini tawi likianguka na okidi juu yake, alilivua shati lake, akaifunga humo, akarudi nyumbani kifua wazi mbele ya macho ya mtaa mzima. Kwa kuwa hawakuwa na ukoo mkubwa, waliamua kuutengeneza. Yule anayejaza nafasi bila kutoa chochote akaitwa Mjomba. Yule anayechanua pale tu unapomnunia akaitwa Wifi. Palikuwa na Babu, aliyekauka upande mmoja. Na pembeni kabisa, penye mwanga mzuri kuliko kote, alining'inia Bi Harusi, ambaye alitoa maua meupe makubwa kila alipojisikia, na kujisikia kwake kulichukua miaka.

Basi, elimu yote ya kuwalea ilikuwa ni mtihani wenye swali moja. Mzizi wenye kiu huwa wa kijivu, kama jivu lenye fedha ndani yake. Ukinywa, hugeuka kijani. Ukiona kijivu, nyunyiza. Ukiona kijani, ondoka, kafanye kazi nyingine. Mama Mvuke alifaulu mtihani huo kila siku ya maisha yake mpaka ukungu ulipomwingia machoni, na kijivu na kijani vikawa mapacha.

Ukungu wenyewe haukuja kwa kishindo. Ulianza pembeni, kama mtu anayesogeza pazia bila kutaka aonekane. Aligonga bega kwenye mlango wake mwenyewe, akaukemea mlango. Alimsalimia mteja kumbe ni koti. Alipokwenda hospitali hatimaye, daktari wa macho alimmulika muda mrefu kwa kitaa chake, kisha akamwambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kuliwa hakirudi. Angempa matone ya kulinda makombo. Matone hayo aliyaficha ndani ya kopo la mbolea ya okidi. Makombo yenyewe yalikuwa haya: aliujua mchana na giza, aliliona dirisha kama shuka lililoanikwa, na kitu cheupe kikubwa kikipita mbele ya mwanga alikiona kama doa.

Kwa nini alificha? Kwa sababu alikuwa na mwana mwema.

Mwana huyo, mmoja tu, alikuwa fundi wa lifti upande wa pili wa mji. Aliishi ghorofa ya tisa na mkewe, kwenye nyumba nzuri yenye kiyoyozi na madirisha ambayo mjenzi aliyafunga moja kwa moja ili watu wasianguke. Na alikwisha kutoa amri. "Mama, siku macho yakianza kukusumbua, hakuna mjadala. Unahamia kwetu." Aliisema kwa upendo, na ndiyo maana ilitisha, amri ya mtu mbaya unaweza kuikataa kwa matusi ukalala vizuri. Mama Mvuke alikwisha kuwapelekea okidi moja kule juu, Binamu, kama zawadi. Binamu alikwenda na majani yanayong'aa. Alirudi ndani ya bahasha.

Alikifahamu pia kiti ambacho yeye mwenyewe angekalishwa. Kilikuwa laini. Kilitazamana na televisheni.

Kwa hiyo alijifundisha kupiga pasi kwa mgongo wa mkono, akilisikiliza joto, na kwa muda wateja hawakujua. Kisha likaja shati la mhudumu wa hoteli. Kijana yule alilikunjua palepale mlangoni, akasema, "Mama, mbona umenigongea muhuri?" Mgongoni mwa shati kulikuwa na alama ya pasi, nzima, yenye ncha, rangi ya kahawia, kama nyaraka za serikali. Alicheka kijana wa watu, kwa sababu alilelewa vizuri. Lakini hoteli yake ilikuwa na lifti.

Jioni yake simu ililia.

"Mama, nasikia umeunguza shati."

"Umesikia kwa nani?"

"Watu."

"Waambie watu pasi ilikuwa kali."

"Macho yakoje?"

"Yapo mawili. Yote usoni."

"Mama."

"Hata pua ipo. Ukitaka nikuhesabie na masikio, sema."

Mwana hakucheka. "Jumapili tunakuja, mimi na mwenzangu. Tutaona."

"Njooni," alisema Mama Mvuke. "Njooni muone vizuri. Bi Harusi atakuwa amechanua."

Alipokata simu alibaki amesimama. Hakujua kwa nini alisema vile, ila baada ya kusema aliona kuwa ndiyo njia pekee. Mtu anayewaonyesha wageni ua, akawaambia petali hii imekunjika na ile ina doa, nani atamwita kipofu? Angewasimamisha mbele ya Bi Harusi. Angewataja jamaa wote dirishani mmoja mmoja, kwa rangi na kwa idadi, wangekunywa chai, wangeondoka. Na yeye angeendelea kupanga kwake.

Alihitaji tu mtu wa kumpa majibu ya mtihani.

Mtu huyo alikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao. Fundi Cherehani, mwanamke mnene mwenye magoti yanayolia, ndiye peke yake aliyejua siri, si kwa sababu aliambiwa bali kwa sababu aliwahi kumkuta jirani yake akimwagilia kofia. Kila asubuhi, wiki ile, alikuja na vipande vya uzi vimemng'ang'ania kifuani, akasimama dirishani kama mwalimu wa zamu na daftari la mahudhurio.

"Tuanze upya. Wa kwanza kutoka mlangoni?"

"Mjomba. Majani manane. Hana ua, hana aibu."

"Wa pili?"

"Wifi. Maua matatu ya njano, moja limeliwa na konokono."

"Mawili. Lile la konokono limeanguka jana."

"Mbona hukuniambia?"

"Si ndiyo nakwambia. Usinigombeze, dada, mimi nimeacha gauni la watu halina mkono. Wa tatu?"

"Babu. Amekauka kushoto, kulia ana jani jipya, dogo, linafanana na ulimi."

"Vizuri. Ukiulizwa, usikimbilie kujibu. Geuza kichwa kwanza, kama mtu anayetazama. Unajibu haraka mno, utadhani umeibia."

"Si nimeibia?"

"Ndiyo, lakini kwa heshima."

Walicheka wote wawili. Halafu Mama Mvuke akageuza kichwa kama alivyofundishwa, upande wa pembeni, na kicheko kikaisha. "Na Bi Harusi?"

Matumba yalikuwa sita. Alikuwa ameyahesabu mwenyewe kwa vidole tangu yakiwa madogo kama mbegu, akiyapitia kila alfajiri kabla ya kuwasha pasi: la kwanza, la pili, la tatu, yamekua, hayajakua, limefunguka? Bado. Sasa okidi huvumilia mengi, lakini tumba halipendi kushikwa. Fundi Cherehani alipoona yanageuka rangi alimkataza. "Acha kuyapapasa. Yanakuwa manjano." Na Mama Mvuke akaacha, kabisa, akawa anapitisha mkono mbali kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Ni tangu siku hiyo alipoanza kuishi kwa neno la jirani yake.

"Bi Harusi bado," alisema Fundi Cherehani.

"Bado vipi?"

"Yananona. Ya... kijani kinachoelekea kwenye weupe."

"Yatawahi Jumapili?"

Magoti yalilia. Jirani alikuwa ameinama, akaokota kitu sakafuni.

"Umeokota nini?"

"Pini. Zinanifuata kila mahali."

Haikuwa pini. Lilikuwa tumba la mwisho, la njano, jepesi kama ganda la karanga, na lingine alikwisha kulikanyaga bila kujua. Fundi Cherehani alilitia mfukoni. Alikuwa mwanamke anayeweza kumwambia mteja usoni kwamba kiuno chake hakitaingia kwenye kitambaa alicholeta, lakini hili lilimshinda. "Yatawahi," alisema. Akarudi kwake upesi, na cherehani ikaanza kukimbia kwa nguvu isiyo ya kawaida.

Jumapili ilikuja na mvua. Mama Mvuke alikuwa amevaa nguo yake ya kutokea, ameoga mapema, amejirudia jamaa wote mpaka ulimi ukakauka. Mjomba, manane. Wifi, mawili. Alisimama mbele ya pembe ya dirisha akakodoa macho, akakodoa, akaona tu shuka la mwanga, tupu. Mkono uliinuka wenyewe. Akaurudisha. Hodi ikapigwa.

"Karibuni, karibuni, mmelowa! Ingieni."

Mwanawe alinukia grisi hata siku ya mapumziko. Alimkumbatia mama yake kwa mkono mmoja, akamshika kidevu kwa mwingine na kuuelekeza uso wake kwenye mwanga, na mama akamchapa mkono.

"Mimi si lifti. Nenda kaketi."

"Shikamoo, mama," alisema mkamwana.

"Marahaba, mwanangu. Shule ya udereva haijambo? Hujagongewa gari wiki hii?"

"Mara moja tu, mama. Na nguzo."

Mkamwana huyu alikuwa mwalimu wa udereva, mwembamba, mpole, asiyezungumza sana. Kazi ya namna hiyo humfundisha mtu kuwahi kanyagio kabla ya mwenzake kuona hatari. Mara ya mwisho walipokuja, alimwona mama mkwe akimimina chai huku ametumbukiza ncha ya kidole ndani ya kikombe ili ajue imefika wapi. Hakusema kitu. Aliinywa chai ile.

Mama Mvuke alikwenda jikoni kuchukua chai. Na humo chumbani, wakati birika linagongana na vikombe, mkamwana alifanya jambo ambalo mumewe hakulielewa. Alisimama, akamtungua Bi Harusi kutoka kulabu ya pembeni, akamweka chini, taratibu, karibu na ukuta. Kisha akauchukua mwavuli wake, mwavuli mweupe, mkubwa, wa nailoni yenye maua yaliyochapwa weupe juu ya weupe, akaufungua nusu na kuutundika kwenye kulabu ile.

"Unafanya nini?" mumewe alinong'ona.

"Unachuruzika. Nauanika."

Alirudi kuketi. Hakumtazama.

Mama Mvuke aliingia na sinia. Alihesabu hatua, akalitua mezani bila kumwaga, akajisifu kimoyomoyo, akageuza kichwa kama mtu anayetazama. "Mjomba mnamfahamu," alianza. "Majani manane, hana ua, ha..."

Akainyoosha shingo.

Pembeni, palepale penye shuka tupu la mwanga, palikuwa na weupe. Weupe mkubwa, mpana, unaotikisika kidogo kwa upepo wa mlangoni. Alifumba macho akayafumbua. Ulikuwa bado upo.

"Amechanua," alisema.

Hotuba yote aliyokariri wiki nzima ilimtoka kichwani. Alikwenda pembeni akipita katikati ya viti bila kugusa hata kimoja, akasimama hatua moja kutoka kwenye weupe ule, mikono ameifunga nyuma ili isimponze.

"Sikujua. Wallahi asubuhi nimesimama hapa, alikuwa... Oh, mtazameni. Mwanangu, njoo. Baba yako alimtoa kwenye tawi lililoanguka, mvua inanyesha kama hii, akaja naye amemfunga kwenye shati, mtaa mzima unatuchungulia. Nikamwambia utapata homa. Akasema, shika. Basi. Hakusema kingine." Alicheka, na machozi yalimchuruzika bila yeye kujishughulisha nayo. "Hajawahi kutoa mengi namna hii. Tangu baba yako yupo hajawahi. Ni mengi, eh?"

Mwana alikuwa amesimama nyuma yake. Aliutazama mwavuli. Aliutazama uso wa mama yake, ambao hakuwahi kuuona ukiwa mdogo vile, mdogo kama wa msichana. Alimtazama mkewe, na mkewe alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Ni mengi, mama," alisema.

"Yamefika mpaka juu?"

"Mpaka juu."

"Na katikati? Mwaka huu yana rangi gani katikati?"

Fundi wa lifti alichungulia katikati ya mwavuli. "Yana... waridi. Waridi kidogo."

"Waridi!" Mama Mvuke alimpiga kikumbo kwa furaha. "Mwoneni huyu! Huyu siku zote ni njano katikati. Wanaume na rangi. Baba yako alinunua soksi nyekundu akidhani..."

Tone lilianguka.

Lilianguka kwenye ubao wa sakafu, zito, mbele ya vidole vyake vya mguu. Likafuatiwa na lingine. Yeye hakuwa amenyunyiza mtu asubuhi ile, aliogopa. Aliinamisha sikio. Tone la tatu.

"Mbona anavuja?"

Alifungua mikono yake nyuma ya mgongo, akaunyoosha mmoja, polepole, na ukagusa nailoni. Baridi. Chini ya nailoni, ubavu wa chuma. Vidole viliufuata ubavu ule mpaka mwisho wake, penye kifundo kidogo cha plastiki, vikakaa hapo. Upande wa pili wa ukuta, cherehani iliacha kukimbia.

"Huu ni mwavuli," alisema Mama Mvuke.

"Ndiyo, mama," alisema mwanawe.

"Wa nani?"

"Wangu, mama," alisema mkamwana.

"Mzuri," alisema Mama Mvuke, kwa sababu mgeni ni mgeni. Kisha akauachia ubavu ule. "Bi Harusi yuko wapi?"

"Chini. Kando ya mguu wako wa kulia."

Alichuchumaa. Aliupata ukingo wa kikapu, majani, kitako cha kikonyo, akaanza kupanda nacho kwa kidole na gumba, kwa uangalifu, kama mtu anayefunga vifungo vya mtoto. Alifika mahali pa tumba la kwanza. Palikuwa na kovu. Akapanda. La pili, kovu. Alikwenda mpaka kwenye ncha, na baada ya ncha palikuwa na hewa. Alirudi chini, akaanza upya, pengine amekosea kikonyo. Wakamwacha. Alipofika juu mara ya pili hakuanza tena. Aliketi sakafuni na nguo yake ya kutokea, juu ya maji ya mwavuli.

"Sioni," alisema.

Mwanawe alipiga magoti. "Mama..."

"Ngoja, nimalize, nikikatizwa nitadanganya tena. Sioni. Shati lile nililiunguza mimi, si pasi. Shangazi nimemuua. Na wenzake watatu nimewaua, nilikuwa nikidhani wana kiu, kila siku nadhani wana kiu. Huyu nimemshikashika mpaka matumba yakaanguka, nikafichwa habari hiyo kwa huruma." Aliinua sauti kuelekea kwenye ukuta. "Nakusikia unavyopumua, jirani!"

Ukuta haukupumua.

"Nilitaka mje muone ua, muondoke," alisema. "Basi. Hiyo ndiyo hila yenyewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenibeba."

"Ndiyo, ningekubeba! Mama, ningekubeba mgongoni!"

"Unaona."

Mkamwana ndiye aliyesema, kwa sauti iliyopasuka katikati. "Mwavuli niliutundika makusudi, mama. Nilitaka kujua. Wanafunzi wangu wasioona vizuri hawageuzi macho, wanatazama mbele tu, wanatabasamu. Sikujua... nilidhani utasema huoni kitu pale. Sikujua utafurahi. Nisamehe."

Mama Mvuke alitikisa kichwa, si kwa kukataa wala kukubali. Mvua ilipungua juu ya bati. Chai ilikuwa inapoa na hakuna aliyeikumbuka.

"Madirisha yetu hayafunguki," alisema mwana ghafla, kama mtu anayegundua kitu nyumbani kwa mtu mwingine. "Hata moja. Nimekaa pale miaka yote na sijawahi..." Alitazama huku na huku, kwenye kulabu, kwenye vikapu, kwenye mizizi ile isiyoshika chochote.

Mama yake alimwinua Bi Harusi kwa mikono miwili, akasimama naye kwa taabu, akamsukumia kifuani.

"Shika."

"Nimshike wapi?"

"Huko chini. Si majani. Usimbane. Halafu utaniambia mizizi yake ni kijivu au kijani."

Alimshika. Alisimama katikati ya chumba, mikono mbele, mabega juu, hathubutu kukuna pua, na maji ya kikapu yakaanza kumchuruzikia kwenye shati na kuteremka hadi viatuni. Hakuuliza amweke wapi, wala hakuambiwa. Mama Mvuke alikwisha kurudi dirishani. Alipapasa mpaka akaipata kulabu ya pili, akainua kikapu chake, akageuka nacho. Na mkamwana, aliyekuwa amesimama kimya muda wote huo, alivua saa yake, akaitia mfukoni, na kunyoosha mikono.